Hasira ya wanahisa wa BlackBerry haihusu simu

Watu wakisikia kwamba wanahisa wa BlackBerry wamekasirika, hudhani ni kilio cha simu. Sivyo. Aliyenunua hisa kwa ajili ya simu alishauza zamani, au alishazihesabu pesa zake kuwa zimepotea. Mwaka 2008 hisa moja ilipita dola 140 za Marekani. Walioishika tangu siku zile mpaka leo ni wachache sana. Wenye hasira leo ni watu wengine kabisa. Hawa waliingia baada ya Novemba 2013, walipoambiwa kwamba simu zinaondoka na programu zinaingia, na kwamba programu ukishaiandika mara moja unaweza kuiuza mara milioni bila kujenga kiwanda. Waliyaamini maneno hayo, wakatoa pesa, wakangoja. Miaka kumi na zaidi imepita, na mwezi Aprili 2025 hisa hiyo ilikuwa inauzwa dola 3 na senti kadhaa.

Naandika kwa sababu sipendi wanavyojibiwa. Wakiuliza huambiwa hawaielewi teknolojia, au wana pupa. Nimezisoma ripoti za mwaka za kampuni hii moja baada ya nyingine, na nimeridhika kwamba watu hawa wana haki. Ila naona pia kwamba wengi wao wanaielekeza hasira yao mahali pasipo pake.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Kitchener, jimbo la Ontario, nchini Kanada. Kitchener na Waterloo zimeshikana hata mgeni haoni zinapoachana. Kazi yangu ni uhasibu, na katika chama chetu, chenye watu wa Pwani pamoja na majirani waliotoka Bujumbura na Bukavu, mimi ndiye mweka hazina. Hisa za BlackBerry sina. Lakini lilipokuja pendekezo kwamba chama kinunue, niliambiwa nikasome kisha nije niseme. Wengine wetu tuna mapenzi ya zamani na jina hili: Mombasa ya mwaka 2011, kabla hujaulizwa nambari ya simu uliulizwa pin ya BBM, huduma ya ujumbe ya simu za BlackBerry. Na hapa Waterloo mtu atakuonyesha majengo: lile lilikuwa la Research In Motion, jina la zamani la BlackBerry, na lile pale, na lile la ng'ambo ya barabara. Baadhi yake yalinunuliwa na Chuo Kikuu cha Waterloo. Nimeona jinsi mapenzi hayo yanavyowafanya watu wazima wenye akili zao wanunue hisa bila kufungua hata ukurasa mmoja wa hesabu.

Basi tuzifungue hesabu.

Mwaka 2013 kampuni ilikuwa mahututi. Simu za BlackBerry 10, zilizozinduliwa Januari mwaka huo chini ya mtendaji mkuu Thorsten Heins, zilibaki rafuni, na katika robo moja tu ya mwaka kampuni ikatangaza hasara ya karibu dola bilioni 1, sehemu kubwa ikiwa ni thamani ya mali isiyouzika. Ikatangaza pia kupunguza wafanyakazi 4,500. Fairfax, kampuni ya Prem Watsa ya Toronto, ilitaka kuinunua yote kwa dola 9 kila hisa. Ununuzi huo haukufanyika. Badala yake Novemba ikaja mikopo ya dola bilioni 1 inayoweza kugeuzwa kuwa hisa, na akaja mtendaji mkuu mpya, John Chen, mtu aliyekuwa amejijengea sifa kwa kuifufua kampuni ya programu ya Sybase.

Chen nampa haki yake bila kusitasita. Alizuia kampuni isifilisike. Alikata gharama, akauza majengo, na mwaka 2016 akaacha kabisa kutengeneza simu ndani ya kampuni. Mtu anayesema Chen hakufanya lolote hajaiangalia mizania ya 2013. Tatizo langu linaanza baadaye, mgonjwa alipokwisha kutoka wodini na watu wakataka kumwona akitembea.

Mapato yanasimulia. Mwaka wa hesabu wa BlackBerry huisha Februari. Mwaka ulioishia Februari 2020, kampuni iliingiza dola milioni 1,040. Uliofuata, milioni 893. Kisha 718. Kisha 656. Katika miaka yote hiyo barua na hotuba ziliendelea kusema kwamba mabadiliko yanakwenda vizuri na ukuaji uko karibu. Mwenye hisa akishika kalamu na kuandika tarakimu hizo nne kwenye karatasi, kisha akasoma hotuba, atahisi nini? Atahisi anadanganywa, hata kama kila sentensi ya hotuba imepitiwa na mawakili.

Na ukitaka kujua mapato hayo yalishuka vipi, lazima uende kwa Cylance. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini hapa ndipo penye kiini cha mambo yote.

Novemba 2018 BlackBerry ilitangaza kwamba inainunua Cylance, kampuni ya California ya usalama wa kompyuta, kwa dola bilioni 1.4 taslimu. Cylance ilikuwa miongoni mwa kampuni za mwanzo kutumia mashine zinazojifunza kutambua faili lenye virusi kabla halijafunguliwa. Wazo lilikuwa zuri. Lakini soko lilikuwa limeshaanza kuhama. Wateja wakubwa walitaka huduma nzima: mtu wa kulinda usiku kucha, kufuatilia mvamizi aliyekwisha kuingia, kuunganisha taarifa za kompyuta zote mahali pamoja. CrowdStrike, iliyoingia soko la hisa Juni 2019, miezi michache tu baada ya Cylance kukabidhiwa, ilikuwa inauza hayo hasa. Cylance ikabaki inakimbia nyuma.

Katika robo ya mwaka iliyoishia Mei 2020, BlackBerry ilifuta vitabuni dola milioni 594 za thamani ya kitengo kilichokuwa na Cylance ndani yake. Mapema 2023 ikafuta nyingine, jumla yake dola milioni 476. Kisha Desemba 2024 ikatangaza kuiuza Cylance kwa Arctic Wolf: dola milioni 160 taslimu kabla ya marekebisho, pamoja na hisa kama milioni 5.5 za Arctic Wolf, kampuni ambayo haijaingia sokoni, kwa hiyo bei ya hisa hizo huwezi kuisoma popote. Mauzo yalikamilika Februari 2025.

Bilioni 1.4 zimeingia, milioni 160 zimetoka. Sisemi kwamba ununuzi wote unaoshindwa ni uzembe. Biashara ni kubahatisha kwa kiasi fulani, na mtendaji asiyethubutu naye ni hasara. Ninachouliza ni kwa nini iliwachukua miaka sita. Dalili zilikuwa wazi mwaka 2020, kwenye kurasa za ripoti yao wenyewe. Kila mwaka uliopita wahandisi wazuri waliondoka, wateja hawakufanya upya mikataba, na bei ya kuuzia ikazidi kuanguka. Kama wangekubali mapema, wanahisa wangerudishiwa kitu cha maana.

Sasa weka pembeni yake QNX.

QNX ilianzishwa Ottawa mwaka 1980 na vijana wawili waliokuwa wamesoma hapa Chuo Kikuu cha Waterloo, Gordon Bell na Dan Dodge. Research In Motion iliinunua mwaka 2010 kutoka kwa Harman kwa dola milioni 200, ikikusudia kuitumia kwenye tableti na simu zake. Tableti ilikufa, simu zikafa, QNX ikabaki. Ni mfumo endeshi ambao moyo wake ni mdogo sana. Kila kazi nyingine huendeshwa nje ya moyo huo, ikiwa imetengwa na wenziwe. Programu ya muziki ikikwama, ile inayosimamia breki haijui hata kwamba kuna kilichotokea. Ndiyo maana watengenezaji wa magari wanaiamini, na wa mashine za hospitali pia. Kufikia mwaka 2024 kampuni ilisema QNX imo ndani ya magari zaidi ya milioni 255.

Biashara yake ni ya taratibu, na mwenye hisa asipoielewa atakasirika bure. Kampuni ya magari huichagua QNX leo kwa gari litakaloanza kutoka kiwandani baada ya miaka miwili, mitatu, hata zaidi. Malipo ya mwanzo ni ya zana na ya wahandisi wanaosaidia. Mrabaha, ule ulio mnono, hulipwa gari kwa gari, kila linapotengenezwa. Kwa hiyo ushindi wa leo hauonekani kwenye mapato ya leo. Kampuni hutoa makadirio ya mrabaha unaotarajiwa kutokana na mikataba iliyokwisha kusainiwa, na kwa anayetaka kujua QNX inakwenda wapi, tarakimu hiyo ina maana kuliko bei ya hisa ya wiki hii.

Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na watoto wawili. Mmoja alinunuliwa milioni 200, mwingine bilioni 1.4. Yule wa bei ndogo alikuwa akifanya kazi kila siku, na yule wa bei kubwa ndiye aliyepewa hotuba zote. Hili ndilo linaloniuma. Ninapowasikia wanahisa wakilalamika kwamba QNX inakwenda polepole, huwa nataka kuwaambia: hapo siyo penye kosa. Fikirieni QNX ingekuwa wapi kama sehemu tu ya zile bilioni 1.4 ingetumika kuajiri wahandisi Ottawa mwaka 2018, kabla kampuni za magari hazijaanza kuandika mifumo yao wenyewe na kabla Linux na Android hazijakaa vizuri kwenye skrini za magari.

Kuna jambo la pili ambalo wanahisa hawalisemi vya kutosha, nalo ni Januari 2021.

Wengi wanaikumbuka kwa ile sarakasi: umati wa wanunuzi wadogo ulizikamata hisa za GameStop, za kampuni ya sinema ya AMC, na BlackBerry nayo ikawemo. Desemba 2020 ilikuwa imetangaza mradi wa IVY pamoja na Amazon, wa kukusanya na kuchambua taarifa zinazotoka kwenye vihisi vya magari, na bei ikaanza kupanda. Tarehe 27 Januari ilifunga siku zaidi ya dola 25. Siku iliyofuata ilikuwa chini ya 15. Walionunua kileleni ndio wengi wa wanaopiga kelele leo, na nawaonea huruma, lakini hawakulazimishwa na mtu.

Swali langu ni la bodi. GameStop, duka la michezo ya kompyuta lililokuwa hoi, liliitumia fursa hiyo: mwaka 2021 liliuza hisa mpya kwa bei ya juu na kukusanya zaidi ya dola bilioni 1.5. AMC ikafanya vivyo hivyo. BlackBerry haikuuza. Hata kama ingeuza kidogo tu kwa dola 15, ingepata akiba ya kuijenga QNX bila kumwomba mtu. Badala yake, Januari 2024, bei ikiwa imeshuka hata haifiki dola 4, ilikopa dola milioni 200 kwa hati zinazoweza kugeuzwa kuwa hisa kwa takriban dola 3.88. Soko likaiadhibu bila kuchelewa. Yaani hisa zilipokuwa ghali hawakuuza, na zilipokuwa rahisi wakaziweka mezani. Kwa macho ya mhasibu hili ni kubwa kuliko hotuba zote za IVY, mradi ambao haukuwahi kuleta mapato ya kutajika.

Kuhusu malipo ya mkubwa, nitasema kwa ufupi. Mkataba wa Chen wa 2018 ulimwahidi hisa milioni 10. Nusu yake zilifungwa na masharti ya bei ya hisa kufika dola 16 hadi 20, na juu yake ziada ya dola milioni 90 taslimu bei ikifika 30. Watu wanabishana kuhusu ukubwa wa kiasi. Mimi nabishana na kipimo. Januari 2021 ilionyesha kwamba umati wa watu wasiojua QNX ni nini unaweza kuipandisha bei mara tatu ndani ya wiki chache. Kwa nini bodi isimpime mtendaji kwa mapato na pesa taslimu, vitu ambavyo yeye mwenyewe anavisimamia?

Oktoba 2023 ikaja habari kwamba kampuni itagawanywa sehemu mbili, na kitengo cha QNX kitaingia sokoni peke yake. Mwanzoni mwa Novemba Chen akaondoka. Tarehe 11 Desemba John Giamatteo akatangazwa kuwa mtendaji mkuu, na papo hapo mpango wa kuipeleka QNX sokoni ukafutwa. Haikufika miezi mitatu. Mimi nadhani kuufuta ulikuwa uamuzi wa busara, maana soko la wakati ule lingeipa QNX bei ya kutupa. Lakini aliyenunua Oktoba kwa kuamini tangazo rasmi la bodi alifanywa nini? Aliambiwa mwelekeo umebadilika, basi.

Kwenye chama chetu yupo mzee mmoja, namheshimu sana, ambaye kila mjadala huu ukifika hutuambia subira yavuta heri. Namjibu, kwa adabu zote, kwamba sisi Wakenya tuliona wanahisa wa kiwanda cha sukari cha Mumias na wa maduka ya Uchumi wakiambiwa hivyohivyo kila mwaka. Mkulima anasubiri mvua akijua mwezi wake. Mwanahisa naye aambiwe mwezi: ifikapo tarehe fulani, mapato fulani yawe yamefika kiasi fulani, na yasipofika tutafunga kitengo hiki au tutamwondoa fulani. Nimepekua ripoti za 2014 hadi 2023 nikitafuta ahadi ya namna hiyo kuhusu kitengo cha usalama, yenye tarehe na tarakimu na adhabu juu yake. Makadirio yalikuwepo, yakabadilishwa, yakasahauliwa.

Tangu Giamatteo aingie mambo yamebadilika, na itakuwa si haki kutoyasema. Gharama zimekatwa kwa nguvu. Cylance imeondoka. Januari 2025 jina la QNX lilirudishwa mbele likasimama lenyewe, na wapo wanahisa wanaotaka kampuni nzima ichukue jina hilo, nami nawaunga mkono, kwa kuwa hilo ndilo jina ambalo wahandisi wa magari wa Ujerumani na Korea wanalijua. Mwaka wa hesabu ulioishia Februari 2025 QNX iliingiza dola milioni 236, ongezeko la karibu asilimia 10. Hiyo ni biashara nzuri. Haitoshi kuwarudisha waliolipa dola 25, na sidhani watarudi huko, lakini kwa anayeitazama leo kwa macho mapya ni kitu halisi chenye wateja halisi.

Ndiyo maana nilikiambia chama kisinunue kwa sasa, wala kisilifunge faili. Nilitaja vitu viwili vya kuangaliwa. Cha kwanza ni idadi ya hisa: mwaka 2013 zilikuwa kama milioni 524, mwaka 2025 zilikaribia milioni 600, na kila inayoongezwa inapunguza fungu la aliyekuwepo. Cha pili ni ile tarakimu ya mrabaha unaotarajiwa. Mwaka 2023 ilikuwa dola milioni 640. Mwaka 2024, milioni 815. Mwaka 2025, milioni 865.

Angalia hiyo ya mwisho. Kutoka ongezeko la zaidi ya robo, limeshuka hadi asilimia 6. Huenda ni kampuni za magari zilizochelewesha miradi yao ya programu, na hili limesemwa wazi. Huenda pia ni washindani. Majibu haya mawili yana matokeo tofauti kabisa: la kwanza linataka muda tu, la pili linataka pesa na wahandisi. Mwanahisa mwenye kura yake kwenye mkutano mkuu wa mwaka, ambao siku hizi hufanyika kwa intaneti na maswali huandikwa, asipoteze nafasi yake kuuliza hisa itapanda lini. Aulize ni miradi mingapi ya magari ambayo QNX ilishindana ikashindwa katika mwaka uliopita, na nani aliichukua.